Saa moja ya lanchi: kazi ya "unakula hapo hapo" na kazi ya "toka ukale", uchukue ipi?

Mdogo wangu kanipigia jumapili usiku, anasema dada nimepata kazi mbili kwa mpigo, nichague ipi. Moja ni ukeshia kwenye duka kubwa la vyakula upande wa Masaki, mshahara wa msingi 420,000. Nyingine ni kufungasha bidhaa kiwandani, barabara ya Nyerere, mshahara wa msingi 390,000. Yeye anakaa Gongo la Mboto na ana mtoto wa miezi saba bado ananyonya. Akanitumia picha za mikataba yote miwili WhatsApp, na ukiisoma harakaharaka ni kama mapacha, masaa 45 kwa wiki huku na masaa 45 kule, mapumziko ya chakula saa moja huku na saa moja kule. Kinachoonekana kutofautiana ni hiyo elfu 30 tu, kwahiyo moyo wake ulishaenda Masaki.

Nikamwambia subiri kwanza, tafuta mtu anayefanya kazi pale dukani umuulize wanakulaje mchana. Akamtafuta, jibu likaja: "hapa unakula hapo hapo kaunta, wateja wakipungua."

Basi nikajua tuna kazi. Mimi nimekaa kaunta miaka minne, sio duka hilo ni jingine, na najua "wateja wakipungua" maana yake nini. Alafu baadaye nikafanya kazi sehemu ambayo saa saba ikifika unatoka mpaka nje ya geti na hakuna anayekutafuta mpaka saa nane. Nimeonja zote mbili, ndio maana nataka nizipange hapa pamoja na nyingine mbili ambazo watu wa Dar tunakutana nazo sana, ili na wewe ukiwa na ofa mkononi ujue cha kuangalia.

Sheria inasemaje, kwa kifupi

Huku Tanzania bara tunatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004 (Zanzibar wana ya kwao, Na. 11 ya 2005, kwahiyo ndugu zangu wa Unguja na Pemba haya msiyachukue yalivyo). Kifungu cha 23 ndio cha mapumziko ya ndani ya siku na ni kifupi sana, kina mambo matatu. Kwanza, ukifanya kazi mfululizo zaidi ya masaa matano mwajiri anatakiwa akupe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Pili, anaweza kukutaka ufanye kazi ndani ya hayo mapumziko pale tu ambapo kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mfanyakazi mwingine. Tatu, na hapa ndipo wengi tunapigwa, halazimiki kukulipa kwa muda wa mapumziko ISIPOKUWA kama amekutaka ufanye kazi, au amekutaka uwepo tayari kwa kazi, ndani ya huo muda.

Rudia hilo neno, kuwepo tayari. Yani hata kama hukuhudumia mteja hata mmoja, ila umeambiwa usiondoke maana wanaweza kuja, hiyo saa sio yako. Saa ikiwa yako hulipwi, na ikiwa ya bosi unalipwa. Kinachotokea kwenye maduka mengi ni kwamba saa inakuwa ya bosi alafu hailipwi, na mkataba unaonyesha umepumzika.

Kingine, ukiingia mtandaoni utakuta watu wanaandika kuhusu breki za dakika 10 zinazolipwa kila masaa manne, wabongo wengine wanazidai kwa HR. Hizo ni za California kule Marekani, wao lanchi yao ni dakika 30. Uingereza ni dakika 20 kwa anayefanya zaidi ya masaa sita. Sisi kisheria tuna saa nzima, ambayo ni ndefu kuliko zao zote mbili, ila chai ya saa nne haipo kwenye kifungu cha 23, hiyo inategemea mkataba wako au mkataba wa hali bora kama chama cha wafanyakazi kilishafunga na mwajiri. Kwahiyo ukidai, dai kilichopo.

Jumanne moja, kazi mbili

Tuiweke jumanne ya kawaida, haina sikukuu wala mwisho wa mwezi.

Kiwandani anaingia saa 2 asubuhi, anapiga kidole mlangoni, anasimama kwenye laini. Saa 7 mchana kengele inalia, laini inazimwa, wote wanatoka. Wengine wanaenda kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, wali maharage na mchicha, wengine wana hotpoti zao wanakaa kivulini kwenye benchi, wengine wanaswali, wengine wanalala kabisa na khanga usoni. Dakika 55 baadaye wanaanza kurudi. Saa 8 laini inawaka, saa 11 jioni anatoka. Hesabu: masaa tisa ndani ya geti, toa saa moja, ni masaa manane ya kazi. Jumatatu mpaka ijumaa ni 40, jumamosi anaingia saa 2 anatoka saa 7, ni matano, jumla 45. Na angalia hiyo jumamosi, ni masaa matano kamili, sheria inasema ZAIDI ya matano, kwahiyo jumamosi hawana lanchi na hawajavunja chochote. Mdogo wangu alidhani anaonewa, hapana, hapo wapo sawa.

Dukani anaingia saa 2 asubuhi anatoka saa 10 na nusu jioni, siku sita. Masaa manane na nusu, toa saa moja ya lanchi, saba na nusu, mara sita ni 45. Kwenye karatasi safi kabisa. Sasa mchana wenyewe uko hivi, naelezea ninaoujua mimi: chakula kinaletwa kwenye kontena mnamo saa saba, unakiweka chini ya kaunta karibu na mifuko. Unapiga kijiko kimoja, mteja huyo hapo na maziwa na mkate, unafuta mkono, unampa chenji, unarudi, kijiko cha pili, anakuja mwingine anauliza gesi mnauza, unasimama. Wali umeshapoa mafuta yameganda juu. Ukimaliza kula ni saa tisa kasoro na hujui ulianza saa ngapi. Chooni unaenda kwa kukimbia na unamwomba mwenzako wa kaunta ya pili akuangalizie.

Na kuna kitu ambacho hakiandikwi popote. Siku moja nilikuwa nakula ugali na dagaa, droo iko wazi nusu maana ndio nimetoka kutoa chenji, akaja mama mmoja ana haraka, kanipa elfu kumi, mimi mdomo umejaa, mkono mmoja una mchuzi, nikamrudishia kama vile kanipa noti mbili. Jioni kufunga hesabu nina shoti ya elfu kumi. Nikakatwa kwenye mshahara. Nilimweleza supavaiza kwamba ule muda kwa mkataba nilikuwa mapumziko, akaniambia droo ni yako, shoti ni yako. Sikuwa na jibu siku hiyo maana sikujua kifungu chochote. Jibu lilikuwa jepesi tu: kama droo ni yangu basi na saa ni ya kazi, ilipwe.

Kwahiyo mtu wa ukeshia, swali lako la kwanza kabla hata ya mshahara ni hili, nikienda kula droo yangu inafungwa na nani na ufunguo anabaki nao nani? Ukijibiwa kwamba unafunga, unasaini, unaondoka, hapo kuna mapumziko. Ukiona wanacheka, ujue hakuna.

Elfu 30 inaliwa na lanchi

Hapa nikamwambia mdogo wangu chukua kalamu. Sheria yenyewe ina jedwali la kutafuta mshahara wa saa moja, unachukua wa mwezi unagawa kwa 4.333 mara masaa ya wiki. Ukiwa na masaa 45 inakuja kama 195. Kwahiyo kiwandani 390,000 gawa 195 ni shilingi 2,000 kwa saa. Dukani 420,000 gawa 195 ni kama 2,154.

Dukani hiyo saa moja ya lanchi anaifanyia kazi kila siku, siku sita, kwahiyo kwa wiki hafanyi 45, anafanya 51. Masaa sita ya juu ni ovataimu, na ovataimu inalipwa si chini ya mara moja na nusu. 2,154 mara moja na nusu ni kama 3,231. Mara sita kwa wiki, mara 4.333 kwa mwezi, unapata karibu elfu 84.

Elfu 84 kila mwezi ambayo haipo kwenye hati ya malipo. Yani duka linampa elfu 30 zaidi ya kiwanda kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto linachukua kazi ya elfu 84. Alinyamaza kwenye simu kidogo, alafu akasema dada hiyo ni kodi ya chumba changu na chenji inabaki.

Ukitaka kupiga yako fanya hivyo hivyo, usitumie marupurupu na nauli, tumia mshahara wa msingi tu. Na kama masaa yako kwa wiki sio 45 weka ya kwako.

Kwani kula ukiwa kazini ni kubaya siku zote?

Hapana, na hili nalisema kwa dhati maana kuna watu inawafaa. Kuna kazi ambazo kweli haziachwi, mfano mtu wa mashine ya boila zamu ya peke yake, nesi aliyebaki na wagonjwa wodini, mlinzi mmoja getini usiku. Sheria inaziruhusu. Ila masharti ni hayo, kazi haiachiki au hakuna mwingine wa kuifanya. Duka lenye makeshia wanne haliwezi kusema hivyo, wanapokezana, watatu wanabaki mmoja anakula, saa tano na nusu mpaka saa tisa na nusu wote wanne wameshakula saa nzima kila mtu. (Wa kwanza anaanza mapema kidogo, wa mwisho anachelewa, hapo panatakiwa mzunguko maana anayeenda saa nane na nusu kashapitiliza masaa matano mfululizo tangu saa mbili. Ukiwekwa wa mwisho kila siku lalamika.)

Sasa kama kazi ni ya namna hiyo na mwajiri anakulipa ile saa, hapo una chaguo la kweli. Kama lile duka lingemwandikia mdogo wangu kwamba saa ya lanchi ni ya kazi na inalipwa kwa kiwango cha ovataimu, angepata kama 504,000. Kwa kijana asiye na mtoto, anayekaa Msasani anatembea kwa mguu, anayetaka hela, ningemwambia achukue. Anakula haraka, anatoka saa 10 na nusu, jua bado lipo, ana jioni yake. Masaa 24 ya ziada kwa wiki nne, ukomo wa sheria ni 50 kwa kila wiki nne, kwahiyo haijavuka. Lakini ovataimu ni makubaliano, lazima ukubali, sio ukute imeshaamuliwa.

Zamu ya masaa 12, siku nne

Hii ni ya tatu na inazidi kuwa nyingi mjini, viwandani, vituo vya mafuta, ulinzi. Kwa kifungu cha 21 mnaweza kukubaliana kwa maandishi ufanye mpaka masaa 12 kwa siku, humo humo ndani ya 12 ikiwemo muda wa chakula, bila kuitwa ovataimu, ila siku zisizidi tano na masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki. Siku nne za masaa 12, kila siku ukatolewa saa moja ya kula ukaondoka, ni 44. Safi.

Uzuri wake kwa Dar ni nauli na foleni. Mtu wa Mbagala au Chanika anayetumia masaa mawili kwenda na mawili kurudi, akienda siku nne badala ya sita ameokoa masaa manane kwa wiki ya kusimama kwenye daladala, na ana siku tatu za kufanya mambo yake, wengine wana genge, wengine wanasoma. Mimi kwa mtu anayekaa mbali na hana mtoto mchanga hii naipa nafasi ya kwanza kabisa, mbele hata ya ile ya kiwandani.

Ubaya wake ni kwamba ile saa moja ya kula ndio inabeba siku nzima. Kwenye zamu ya masaa tisa ukinyimwa lanchi unaumia ila unafika nyumbani. Kwenye masaa 12 ya kusimama bila kukaa, saa kumi jioni miguu imevimba na akili imeshaondoka. Na mpokezi, yule anayekuja kukupokea zamu, akichelewa ndio balaa, maana 12 ndio mwisho wa siku kisheria, na baada ya hapo unatakiwa upumzike masaa 12 mfululizo kabla hujarudi. Ukitoka saa 12 jioni unaingia saa 12 asubuhi imetosha kabisa bila hata dakika ya ziada, kwahiyo mpokezi akija saa moja na nusu usiku mapumziko yako ya siku yameshaliwa.

Ikiwa ni ya usiku uliza na nyongeza. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 alfajiri unatakiwa kuongezwa si chini ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa mtu wa 2,000 kwa saa ni shilingi 100 kwa saa, usiku mzima ni elfu moja. Ni ndogo, haifiki hata sahani ya chakula, ila ni yako, na usiku wa manane mama ntilie hayupo kwahiyo chakula utabeba toka nyumbani, uliza kama kuna pa kupashia.

Na walinzi, jamani. Masaa 12 mara siku sita ni 72. Hata ukisema kila siku kapumzika saa nzima (nani alimpokea lindo?) ni 66. Toa 45, yanabaki 21 ya ovataimu kwa wiki, kwa wiki nne ni 84, na ukomo ni 50. Mkataba wa namna hiyo hata ukilipwa kila senti bado umevuka. Ukiuona umeandikwa hivyo, siku sita za masaa 12, usidanganyike na neno "shifti", huo sio mpango wa kifungu cha 21.

Zamu iliyokatwa katikati

Mahoteli na migahawa wanaipenda, unafanya asubuhi, unakatwa masaa matatu au zaidi mchana, unarudi jioni. Kwa makubaliano ya maandishi na ukiwa na huo mkato wa angalau masaa matatu, wanaruhusiwa kupunguza mapumziko yako ya usiku kutoka masaa 12 mpaka manane. Ukikaa jirani na kazi ni raha, unaenda kulala. Ukikaa Kimara na kazi ipo Masaki, hayo masaa matatu utayamalizia kwenye benchi nyuma ya jiko unachezea simu, hulipwi, na usiku unafika nyumbani saa tano. Mimi siishauri kwa anayepanda magari mawili, na sina mengi ya kuongeza hapo.

Kuhusu mtoto

Hili ndio lilikata shauri kwa mdogo wangu, zaidi ya ile hesabu. Kifungu cha 33 kinasema mama anayenyonyesha aruhusiwe kunyonyesha ndani ya masaa ya kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Hii ni haki ya pembeni, haimo kwenye ile saa ya lanchi, na kwa kuwa ni ndani ya masaa ya kazi usikubali kuambiwa "tumia lanchi yako kunyonyeshea". Kina mama wengi hawaijui kabisa, wanakamulia chooni huku wanalia.

Ila haki hiyo inategemea jiografia. Masaa mawili Masaki kwa mtoto aliye Gongo la Mboto hayasaidii chochote, huwezi kwenda na kurudi. Kiwandani ni gari moja, na bibi yake anaweza kumleta mtoto mpaka getini. Tukapanga hivyo kabla hajasaini, kwamba aombe kwa maandishi saa moja ya kunyonyesha saa nne asubuhi na saa nyingine saa tisa, na ile ya saa saba inabaki ya kula yeye.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Usiulize "mna lanchi?" kila mtu atakujibu ndio. Uliza naruhusiwa kutoka nje ya geti? Ukiona kigugumizi, au wakisema unaruhusiwa lakini uache simu hewani upokee, hiyo ni kuwepo tayari, ilipwe. Uliza nani anashika nafasi yangu nikiwa nakula, kwa cheo chake. Uliza lanchi inaanza saa ngapi, maana kuna wanaokupa hiyo saa saa kumi jioni ukiwa karibu kuondoka, wakati umeshafanya masaa manane mfululizo. Na kuna wanaoikata vipande, robo saa huku robo saa kule, sheria inasema dakika 60 za mapumziko, mimi siioni robo mara nne kuwa ni kitu kimoja, kwenye robo saa hata foleni ya kunawa huimalizi.

Wakikwambia wewe ni supavaiza kwahiyo haya hayakuhusu, angalia vizuri. Anayetolewa kwenye vifungu vya masaa ni yule anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri NA anaripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu. Kuvalishwa fulana ya rangi tofauti na kupewa ufunguo wa stoo hakukutoi.

Waambie waandike. Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi pamoja na masaa, na kesi ikifika mbele bila hayo maandishi, yeye ndiye anatakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Pia anatakiwa abandike tangazo la haki za wafanyakazi sehemu inayoonekana, ukienda kwenye usaili angaza macho ukutani.

Kwa ambaye tayari yupo ndani na analia na kaunta kama nilivyokuwa mimi, nunua daftari dogo la mia tano. Kila siku andika tarehe, saa uliyoanza kula, saa uliyoinuliwa, umehudumia nini. Wiki mbili tu zinatosha kumwonyesha HR au mwenyekiti wa tawi la chama (viwandani na madukani ni TUICO, mahotelini na majumbani CHODAWU), na ikishindikana nenda kwa Afisa Kazi wa eneo lako. Ikifika kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, unajaza fomu namba moja, na kwa madai ya namna hii una siku 60 tangu mgogoro utokee, ila kama umeachishwa kazi ni siku 30 tu, watu wengi wanazipitisha wakisubiri bosi apoe. Usiende peke yako kwa bosi na maneno makali ukiwa chini ya miezi sita kazini, maana ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haujakufikia bado, hapo tumia tawi liseme kwa niaba ya wote.

Mdogo wangu alirudi kwa yule meneja wa duka kwa heshima kabisa, akamuuliza kama wanaweza kuandika kwamba saa ya lanchi droo inafungwa. Meneja akamwambia binti, hapa wote tunakula kaunta, hata mimi. Akashukuru, akaondoka, jumatano kasaini kiwandani. Anaanza jumatatu. Barua ya kuomba muda wa kunyonyesha tumeiandika jana usiku, nakala mbili, moja wataigonga muhuri abaki nayo.